Muvue Viatu, Nimetoka Kupangusa

Sauti iliyonishtua kwanza haikuwa ya bomu. Mabomu tulikuwa tumeyasikia kwa majuma kadhaa upande wa barabara ya Rutshuru, na masikio yetu yalikuwa yameshapata desturi yake: mama mdogo, ambaye nilikuwa nikiishi kwake Mabanga, aliacha mchi hewani, akapima umbali, kisha akaendelea kutwanga sombe, majani yake ya muhogo. Sauti iliyonishtua ilikuwa ya msumari unaotoka kwenye mbao. Ni kilio kifupi, halafu kimya, halafu nyundo inatafuta kichwa cha msumari mwingine. Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa mezani na fishi zangu, kadi ninazoandikia maneno ya utafiti. Nikaanza kuhesabu bila kukusudia. Nilipofika kumi na mbili niliweka kalamu chini.

Nyumba nyingi za mtaa wetu ni za mbao, zimeinuliwa kidogo juu ya jiwe jeusi ambalo mlima wa volkano ulilimwaga na kuliacha lipoe. Mara nyingi jiwe ni la mwenye parseli, yaani kiwanja, na mbao ni za mwenye nyumba. Anayehama kwa amani huiuza nyumba ikiwa imesimama. Anayeitoa msumari kwa msumari, akaunyosha kila mmoja ili upigiliwe mahali pengine, huyo hana nia ya kurudi.

Aliyekuwa akitoa misumari ni jirani yetu, mjane wa makamo, mtu wa Rutshuru, aliyeuza maharagwe na mawese mbele ya mlango wake. Tangu utoto wangu, kila vita ilipotukimbiza, tulirudi na kumkuta anafagia. Kwa hiyo nyundo yake iliniambia kitu ambacho mabomu hayakuwa yameniambia. Tena nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kushtuka, ambayo hakuna mwingine aliyeijua pale nyumbani. Jina lake, umri wake, mtaa wake na namba yake ya simu vilikuwa vimechapwa katika ukurasa wa mwisho wa tasnifu yangu, na mimi nilikuwa nimemwahidi kwamba jina lake halitaandikwa popote.

Tasnifu hiyo ilihusu neno moja la Kiingereza, "bold", na namna ya kulitia katika Kiswahili cha Goma. Nilikutana nalo kwa kazi ya kibarua: shirika moja lenye ofisi Himbi lilinipa bango la kutafsiri, la kuwahimiza wasichana wawe hivyo, "bold". Lilikuwa neno la silabi moja, nikadhani ni kazi ya dakika tano. Mwaka wa pili ulinikuta ningali ndani yake.

Sikukosa maneno. Nilikuwa na mengi mno, na hakuna lililokaa sawasawa. Ushujaa hupewa mtu na wengine, mara nyingi akiwa ameshakufa. Ujasiri unaweza kuwa wa mtu aliye hai, ila unadai hatari kubwa, na msichana anayeinua mkono darasani hakabiliani na simba. Ushupavu ni wa kuvumilia kuliko wa kuanza. Ukakamavu nimeusikia zaidi kwenye gwaride. Uthubutu ulinivutia kuliko yote, kwa kuwa mwenye kuthubutu hufanya jambo ambalo hakuna aliyempa ruhusa ya kulifanya. Lakini sokoni kwetu hakuna mama anayesema uthubutu. Akina mama wa Mabanga walisema huyu ana roho ya kiume, wakimsifu mwanamke, nami nikakaa siku nzima nikijiuliza kwa nini roho hiyo ikope jinsia. Au walisema ana kichwa nguvu. Au hana haya. Hapo ndipo neno la Kiingereza liliponisumbua kweli, kwa sababu lina upande huo pia: ujuvi, ufidhuli, ulimi usiojua mkubwa ni nani. Waingereza humsifu mtu na kumkaripia kwa silabi ile ile. Sisi tuna kabati mbili tofauti, na nilitaka kujua ni wapi ukuta kati yake ulipo mwembamba.

Kila neno nililolipata nililiandika kwenye fishi: neno juu, sentensi chini yake, kisha nani alisema, wapi, lini. Profesa aliyeniongoza, muzee mwenye subira nyingi kwa watu na isiyokuwapo kabisa kwa kurasa, alinionya mapema: "Neno ambalo hujui limetoka kinywani mwa nani, usije kulitetea mbele yangu."

Ndivyo nilivyokwenda kwa jirani, alasiri moja kabla mambo hayajaharibika, nikakaa kwenye kigoda kando ya beseni lake la maharagwe. Alinisikiliza huku akiokota mawe.

"Mutoto wa watu, unasoma miaka yote hii juu ya neno moja?"

"Neno moja, mama."

"Na likiisha?"

"Ndipo watanipa diplome."

"Kumbe diplome ni ya neno moja." Alimgeukia mteja aliyekuwa akingoja mawese. "Sikia, baba. Mimi niko na maneno mingi, hata bwana yangu alikufa akilalamika. Wanipatie diplome ngapi?"

Mteja akasema wampe chuo kizima. Alipoondoka, nilimwomba jirani anipe mfano wa mtu aliyefanya jambo bila kuruhusiwa na bila kuogopa uso wa mtu. Aliokota mawe mengine mawili au matatu kabla ya kujibu. Kisha akasimulia kwa sauti ile ile aliyokuwa akitajia bei.

Ilikuwa katika vita nyingine, nikiwa mtoto, siku ambayo askari walipita mtaani nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa kabila moja. Majirani zake watatu wa kabila hilo waliingia kwake kupitia nyuma. Hakukuwa na dari wala chumba cha pili. Alichukua nyundo, akang'oa mbao mbili za sakafu, akawalaza juu ya jiwe, katika nafasi iliyo kati ya jiwe na sakafu, akazipigilia tena juu yao. Halafu akamwaga maji na sabuni, akapiga magoti, akaanza kupangusa.

Askari walikuwa watano. Aliyewaongoza alikuwa mtoto wa shemeji yake, kijana ambaye alikuwa amemlisha kwa mkono wake.

"Nikamwambia, muvue viatu, nimetoka kupangusa."

"Ukamwambia hivyo, mama? Mbele ya wenzake?"

"Ungemwambia nini? Viatu vya askari kwenye mbao ni kama ngoma. Wangetembea navyo, wangesikia fasi ni tupu chini."

"Na akavua?"

"Alisimama, akaniangalia. Wenzake wakacheka. Akavua. Na wao wakavua. Wakaingia na soksi zao za kunuka, wakaangalia chini ya kitanda, wakaomba maji ya kunywa, nikawapa. Kwenye mlango akawa anavaa. Nikamwambia funga kamba muzuri, utaanguka."

Niliuliza swali ambalo mtafiti hapaswi kuuliza, kwa kuwa linampa mtu jibu: kama hakuogopa.

"Niliogopa, ndiyo. Njo maana nilimugombeza. Kama ningemubembeleza, angejua."

Niliandika haraka hadi mkono ukaniuma. Ukuta niliokuwa nikiutafuta kwa miezi ulikuwa hapa, mwembamba kama mbao ya sakafu: mwanamke aliyeokoa watu kwa ufidhuli. Ujasiri wake na ukosefu wake wa adabu vilikuwa kitendo kimoja, wala hakuna aliyeweza kuvitenganisha bila kuwaua watu watatu. Sijawahi kupata fishi nyingine kama ile. Nilipofunga daftari, aliushika mkono wangu kwa vidole vyenye vumbi la maharagwe.

"Hii ya mutoto wa shemeji ibaki kwenye masikio yako. Ule mutoto iko muzima. Iko mukubwa sasa."

"Nitaandika maneno tu, mama. Jina hapana."

"Sawa," alisema, na akarudi kwenye mawe yake.

Nilimaanisha nilichosema. Naliandika hili kwa sababu baadaye nilijichunguza sana kama nilikuwa nikidanganya tangu mwanzo, na nadhani sikuwa. Kosa liliingia kwa mlango mwingine, mlango wa usahihi, ambao nilikuwa nikijivunia.

Kwetu, tasnifu yenye mahojiano hufungwa kwa orodha ya watoa habari: jina kamili, umri, kazi, mtaa, tarehe, na siku hizi namba ya simu, ili jopo likishuku liweze kumpigia mtu na kumuuliza kama yupo. Asistenti aliyesoma rasimu yangu aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba orodha haipo. Nilimpelekea orodha ya herufi za kwanza za majina. Akanirudishia. "Herufi mbili si mtu," alisema. "Watasema umezitunga mezani kwako." Nilikaa na karatasi ile siku nne. Nilifikiria jina la uongo, nikaona hiyo ni kughushi. Nilifikiria kuiondoa fishi, nikaona sura ya tatu inaanguka. Hatimaye nikajiambia kwamba hakuna anayesoma ukurasa wa mwisho wa tasnifu, nikaandika jina lake pamoja na mengine. Na kwa kuwa sipendi kazi iliyolegea, mbele ya kila jina niliweka namba ya fishi yake. Mtu yeyote angeweza kutoka kwenye viatu hadi kwenye jina kwa kidole kimoja. Nilichapisha nakala tatu, nikaziweka sekretariati, nikapewa karatasi yenye muhuri.

Majuma machache baadaye vita ikasogea. Kwenye bomba la maji watu walianza kutaja nani yuko upande ule, nani amepata cheo, na mara mbili nilisikia akitajwa mtoto wa shemeji yake jirani, na nyota za begani mwake.

Asubuhi ile ya misumari nilitoka nje na kumkuta mama mdogo ameshafika uani kwa jirani, mikono kiunoni.

"Mama, unabomoa?"

"Sibomoe. Natoa. Kubomoa ni kazi ya mulima."

"Hata mwaka ule wa mulima, wewe haukutoka. Moto ulikuwa pale kwenye kona, na wewe unauza mawese."

"Moto haukukuwa unajua jina yangu," alisema jirani, akavuta msumari mwingine.

Nilisimama pale na sikupata mahali pa kuweka macho. Sasa najua alikuwa akisema kuhusu mpwa wa mumewe, ambaye bila shaka alilijua jina lake tangu azaliwe. Wakati huo nilisikia ukurasa wangu wa mwisho ukisomwa kwa sauti.

Aliniona. "Na wewe wa neno moja, umelimaliza?"

"Karibu, mama."

"Basi njoo unyoshe misumari. Hiyo haitaki masomo."

Nilinyosha misumari yake hadi adhuhuri. Nilikaa juu ya jiwe, nikaiweka mmoja mmoja, nikaipiga hadi inyoke, nikaitia kwenye kopo la maziwa. Alikuwa umbali wa hatua tatu kutoka kwangu. Nilitunga sentensi ya kwanza ya kumwambia, nikaona inaanza na mimi, nikaibadilisha ianze na yeye, nikaona inamtisha, nikairudisha. Kila nilipokuwa tayari, alipita mtu wa kusalimia, au mama mdogo alileta chai, au msumari ulinipiga kidole. Hizo si sababu. Naziandika kwa kuwa siku ile nilizitumia kama sababu.

Mbao za sakafu zilitoka mwisho. Nikaiona ile nafasi, na chini yake jiwe, vumbi na kijiko kimoja. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoiandika. Nilijaribu kuwapanga watu watatu pale kwa macho, wakanishinda.

Chukudu mbili, zile baiskeli za mti za kusukuma, zilikuja kuchukua mzigo. Anakwenda Gisenyi kwa mdogo wake, alisema. Ng'ambo ya mpaka tu, hata simu yake haitabadilika, laini ya kwetu inashika. Alimwachia mama mdogo maharagwe yaliyobaki. Kwangu alisema nikipata diplome nimtumie kipande, kwa kuwa naye amechangia. Wasukumaji wakainamia mzigo, na magurudumu ya mti yakaanza kugonga jiwe. Nilimpungia mkono hadi alipokunja kona.

Siku hiyo hiyo nilikwenda chuoni kwa miguu. Sekretari alikuwa anafunga kompyuta ya ofisi katika blanketi kama mtoto anayetoka hospitali. Nikamwambia kuna makosa ya uchapaji katika tasnifu yangu, nataka kubadilisha ukurasa. Hilo linaruhusiwa kabla ya utetezi, na wanafunzi wengi hulifanya.

"Leo?" aliniuliza. "Mabomu yanaanguka Kibumba na wewe unatafuta koma?"

"Ni koma mbaya," nilisema.

Alinionyesha kabati. Nilikata ukurasa wa mwisho wa nakala mbili kwa wembe, nikazikunja zile kurasa ndani ya daftari. Ya tatu haikuwapo. Msomaji wa pili wa jopo alikuwa ameichukua, aisome nyumbani.

Msomaji wa pili alikaa Katindo, si mbali na kambi ya jeshi. Nilikuta geti limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi aliyekuwa akisikiliza redio kwa sikio moja. Bwana amepanda boti kwenda Bukavu tangu jana.

"Na karatasi zake?"

"Alibeba vitabu. Sufuria njo aliacha. Bibi yake alilia juu ya sufuria."

"Alibeba vyote?"

"Dada, mimi nalinda geti. Sihesabu vitabu."

Kwa hiyo ukurasa wa tatu ulikuwa ziwani, au Bukavu, au ndani ya nyumba ambayo mnyororo wake ungeweza kukatwa na yeyote mwenye bunduki. Kichwani niliuweka mahali hapo patatu kwa zamu usiku na mchana. Sikuweza kula nikiwa nimekaa.

Kesho yake nilikwenda Himbi kwa profesa. Mwanafunzi haendi nyumbani kwa profesa bila kuitwa, na siku nyingine ningesimama mlangoni nusu saa nikipima jambo hilo. Nilimkuta barazani katikati ya masanduku, akichagua vitabu vya kwenda navyo. Nikamweleza yote, na namba ya fishi pia. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Toa orodha," alisema. "Na fishi ile pia itoke, kwa maana bila orodha haina mtu. Sura ya tatu itakuwa fupi."

"Itaanguka, profesa."

"Itaanguka. Utaijenga upya, au utachukua muda mrefu zaidi. Lakini hilo silo ulilokuja kuniuliza. Huyo mama, umemwambia?"

"Bado."

"Basi unaomba msamaha kwenye nyumba ambayo si yenyewe."

Nilirudi Mabanga na kufanya kile ninachokifanya ninapoogopa: niliandika. Nyuma ya fishi tupu niliandika namna za kuanza mazungumzo ya simu. Nilifika namna tisa. Kando yake niliandika hoja za kutopiga. Yuko salama ng'ambo, nikimwambia nitamwondolea usingizi. Ukurasa labda hautasomwa. Mtu anayeungama hujipunguzia mzigo kwa kumtwika mwenzake. Hoja hii ya mwisho niliipenda sana kwa kuwa ilifanana na wema. Nilikuwa na fishi nyingi kuhusu watu waliothubutu, zimepangwa kwa alfabeti, na nilikuwa naogopa simu.

Siku mbili baadaye mji uliamka na wenye bunduki wapya. Haikuwa kama tulivyoogopa wala haikuwa shwari. Maduka yalifungua mlango nusu, watu wakatembea karibu na kuta. Siku ya tatu nilikuwa ndani niliposikia injini ikizimwa mbele ya parseli ya jirani. Mama mdogo alikuwa nje anaanika nguo. Nilibaki nyuma ya pazia na sikutoka, hilo pia naliandika. Nilisikia sauti ya mwanaume, ya upole, kisha ya mama mdogo, kisha injini tena.

Aliingia na beseni tupu, akakaa.

"Ni ule mutoto wa shemeji yake," alisema. "Na nyota, na walinzi wawili nyuma. Ananisalimia muzuri, anauliza mama mukubwa yangu ameenda wapi. Ameniletea na sukari yake, tazama. Nikamwambia sijui, watu wanakimbia."

"Aliuliza namba?"

"Aliuliza. Nikasema sina. Akaniachia yake, eti nimupatie akipita, eti arudi tu, hakuna shida, atamujengea ya matofali." Aliigeuza pakiti ya sukari mkononi. "Halafu akasimama pale kwenye jiwe, akacheka kidogo. Anauliza, bado anapangusa?"

Nilimwomba arudie. Akarudia, na namna alivyocheka akairudia. Nikamuuliza ni kicheko cha namna gani. Akasema kicheko ni kicheko, kwani huko chuoni vina namba?

Labda ni kumbukumbu ya kijana na mama yake mkubwa, ya siku aliyochekwa na wenzake kwa kuamriwa avue viatu, na hajui hadi leo kilichokuwa chini ya miguu yake. Labda nyumba ya Katindo imefunguliwa na mtu amempelekea ukurasa. Nilipima uwezekano wote na mizani haikulala upande wowote. Lakini nilijua jambo moja: salamu ile ingemfikia jirani kwa mdomo wa mtu mwingine, pamoja na sukari na matofali, naye angeipima kwa kile anachokijua, na alichokijua yeye ni kwamba hakuna mtu duniani aliyeandika jina lake. Angeweza kurudi kwa kuiamini ahadi yangu.

Namba yake sikuwa nayo kwenye simu. Ilikuwa kwenye kurasa nilizozikata. Nikafungua daftari, nikautandaza ukurasa mmoja mezani, nikafuata mstari kwa kidole: jina, umri, kazi, mtaa, namba. Ilikuwa saa tisa alasiri. Namna zangu tisa za kuanza nilizigeuza chini. Nilipiga nikiwa nimesimama.

"Allo. Nani?"

"Ni mimi, mama. Wa neno moja."

"Eh! Muko wazima?"

"Tuko wazima. Mama, jina lako niliandika."

Kulikuwa na watoto wakicheza upande wake, na mtu anapasua kuni. "Uliandika wapi?"

Nikamwambia wapi. Nikamwambia kuhusu orodha, nakala tatu, mbili nilizozikata na moja isiyojulikana ilipo. Kisha nikamwambia aliyekuja, sukari, matofali, na swali aliloliuliza juu ya jiwe. Sikumweleza wino mwekundu wa asistenti. Aliniacha nimalize.

"Siku ile unanyosha misumari yangu," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Asubuhi nzima."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo njo inaniuma. Karatasi ni karatasi." Alisema neno kwa watoto, wakasogea mbali. "Na wale watatu, majina yao uliandika?"

"Hukunitajia, mama."

"Hapo nilikuwa na akili." Akavuta pumzi. "Huyu mutoto, tangu zamani, akileta zawadi ni kwamba anatafuta kitu. Sirudi. Umwambie mama yako mudogo asikule sukari yake, aipatie mbuzi. Sasa uko na hiyo fishi?"

Ilikuwa ya kwanza kwenye kisanduku. Nikasema ninayo.

"Unisomee. Nisikie nilisema nini."

Nilisoma kwa sauti ya kusomea mbele ya jopo, kwa kuwa sikuwa na nyingine: askari watano, sabuni, mbao mbili. Nikafika kwenye maneno yake. "'Tafadhali, muvue viatu, nimetoka kupangusa.'"

"Ngoja. Hiyo tafadhali imetoka wapi?"

Nilitazama. Ilikuwa mwandiko wangu. Katika kuinakili fishi kwa usafi, mkono wangu ulikuwa umemwongezea adabu, na sikuiona mwaka mzima.

"Sikumwambia tafadhali," alisema. "Ningesema tafadhali, tungekufa wane. Uitoe."

"Mama, nataka kuichoma yote. Na kurasa pia."

"Utachoma. Kwanza uitoe."

Nikachukua kalamu, nikalifuta neno kwa mstari mmoja, nikamwambia limetoka. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye mbabula, jiko la makaa ambalo mama mdogo alikuwa amewashia maharagwe, simu ikiwa imebanwa begani. Niliweka fishi, halafu kurasa mbili juu yake.

"Mbona sisikii kitu?"

"Karatasi haina sauti, mama."

"Basi uniambie imefika wapi."

Nikamwambia moto umeshika pembeni. Nikamwambia namba yake imeondoka, na sasa ni mtaa. Nikamwambia imefika kwenye jina.

"Ngoja liishe," alisema, akabaki kwenye simu, nami nikabaki nimeinama juu ya mbabula, nikiangalia.